Seva ya Git ikikataa kazi yako: ya kuzingatia kabla hujalazimisha

Git ni programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili za mradi. Watu wawili wamevuta tawi (branch, yaani mkondo mmoja wa kazi) asubuhi, yaani wameleta nakala yake kutoka kwenye seva. Wa kwanza kasukuma kazi yake (push, kuipeleka kwenye seva) saa nne, wa pili anasukuma saa tano, na seva inamrudishia neno "rejected". Mpaka hapo hakuna kilichoharibika. Ncha ya tawi kwenye seva imeshasogea, na kama seva ingepokea kazi ya wa pili ilivyo, komiti (commit, mabadiliko yaliyohifadhiwa) za wa kwanza zingeachwa nje ya historia. Balaa huanza pale wa pili anapochapa push --force, yaani kulazimisha seva ipokee, ili awahi chakula cha mchana.

Basi kabla ya kugusa chochote, weka komiti ya kila ulichoandika, hata kama hakijakamilika, kisha andika git branch akiba ili upate tawi la akiba. Haitakugharimu kitu: tawi ni kibandiko tu kinachoelekeza kwenye komiti moja. Kazi ambayo haijawekwa komiti ndiyo isiyo na mtetezi. Iliyowekwa bado utaipata kwenye reflog, daftari la Git la mahali ncha za matawi zilikopita, ambayo kwa kawaida hutunza kumbukumbu kwa siku 90, au siku 30 kwa komiti zilizokwisha kukatwa kutoka kwenye tawi. Lakini reflog hiyo imo kwenye kompyuta yako. Repo tupu (bare, hazina ya mradi isiyo na faili za kufanyia kazi) ya seva mliyoifunga wenyewe haina reflog mpaka muiwashe, kwa hiyo mwenzenu akishafuta historia kwa nguvu, kimbilieni mashine ya yule aliyesukuma mwanzo, na mwambieni asivute kitu kwanza.

Halafu usome ujumbe wa kosa mpaka mwisho. Si kila ugomvi wa Git ni wa maandishi kugongana. Ukiona index.lock, kuna mchakato mwingine wa Git unaofanya kazi kwenye folda hiyohiyo, au uliokufa ukaacha kufuli. Mara nyingi ni kihariri chako kinachoendesha Git kimyakimya. Kifunge, hakikisha hakuna mchakato uliobaki, ndipo ufute faili hiyo. Ukiona "cannot lock ref", yaani Git imeshindwa kuandika jina la tawi, tazama majina ya matawi. Palipo na tawi liitwalo malipo hapawezi kuwa na malipo/benki, kwa kuwa jina la kwanza huhifadhiwa kama faili na la pili linataka folda ya jina hilohilo. Kama lile la zamani limeshafutwa kwenye seva, git fetch --prune, inayoondoa kwako majina yaliyofutwa kwenye seva, inatosha.

Kama tatizo ni ncha kusogea, tumia fetch badala ya pull, ambayo huleta na kuunganisha papo hapo. Fetch huleta ya wenzako bila kugusa faili zako, nawe unaona kilichoingia kabla ya kuamua kuunganisha au kufanya rebase (kuzipanga upya komiti zako juu ya za wenzako). Hilo timu ikubaliane mapema, pamoja na sharti moja: komiti ambazo wengine wameshazivuta hazifanyiwi rebase. Na mkifanya rebase, kumbukeni kwamba "ours" (yetu) na "theirs" (yao), majina ya pande mbili za mgongano, hubadilishana viti: "ours" inakuwa kazi ya tawi unalohamia, "theirs" ni yako. Nimewahi kufuta siku nzima ya kazi yangu mwenyewe nikidhani naichagua.

Mgongano ukikumba faili nzima, mstari wa kwanza hadi wa mwisho, shuku alama za mwisho wa mstari za Windows; dawa yake ni .gitattributes, faili ya mradi inayoiambia Git namna ya kushughulikia alama hizo. Picha na majedwali ya Excel Git haiwezi kuyaunganisha, kwa hiyo ulizaneni nani anayashika leo.

Ikibidi kulazimisha kweli, basi --force-with-lease, inayogoma kama seva ina kitu usichokijua. Ina tundu moja: kihariri kinachofanya fetch chenyewe huifanya iamini umeshakiona. Kwenye seva, weka receive.denyNonFastForwards, mpangilio unaokataa msukumo wowote unaofuta historia.

Mwisho, endesha majaribio kabla ya kusukuma tena. Git hulinganisha mistari, haielewi maana: mmoja akibadili jina la fanksheni, mwingine akaiita kwa jina la zamani katika faili nyingine, vitaungana bila mgongano na programu itaanguka. Na wakati majaribio yanaendelea, huenda wa tatu akasukuma ya kwake. Fanya fetch upya.