Kabla Hujaleta Samaki wa Chini kwenye Tangi Dogo

Wengi hununua samaki wa chini, yaani wanaoishi sakafuni mwa tangi, wakitafuta mfagizi. Mwani umeshika kioo, mabaki ya chakula yamelala kwenye changarawe, na muuzaji anaonyesha kambare mdogo mwenye mdomo wa kunyonya: chukua huyu, tangi litajisafisha. Halijisafishi. Samaki hawa hawaishi kwa kinyesi cha wenzao, tena wao wenyewe wanakula na kunya kama wengine, kwa hiyo kila unayemwongeza anaongeza uchafu. Kinyesi huondolewa kwa mpira wa kufyonza na kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Ukishalikubali hilo, unaanza kumtazama samaki wa chini kama mkazi mwenye mahitaji yake, na maswali ya kujiuliza kabla ya kununua yanakuwa mengine kabisa.

La kwanza ni ukubwa wa sakafu. Tumezoea kuhesabu lita, lakini samaki anayeishi chini anatumia urefu na upana. Tangi la sm 60 kwa 30, lenye kimo cha sm 30, linaingia lita 54 na lina sakafu ya kutosha kundi dogo. Tangi refu jembamba linaweza kuingia lita hizohizo na bado likawa finyu kwa samaki wa chini. Toa pia eneo litakalochukuliwa na mawe, magogo na mizizi ya mimea.

Linalofuata ndilo linaloharibu matangi mengi: samaki atafikia ukubwa gani? Pleko wa kawaida, yule kambare mwenye mdomo wa kunyonya, mara nyingi wa jamii ya Pterygoplichthys, huuzwa akiwa na sm 5 hivi, naye hukua kupita sm 30. Utaambiwa samaki hukua kulingana na tangi. Usiamini. Anayedumaa tangini amedumazwa na maji machafu na kukosa nafasi, na hiyo ni dalili ya mateso. Lochi, samaki wa chini mwenye ndevu mdomoni, aina yake yenye mistari ya rangi ya chungwa na nyeusi, Chromobotia macracanthus, naye hufikia sm 30 na anataka wenzake. Gyrinocheilus aymonieri, anayeuzwa kama mla mwani, akiwa mdogo ni mpole, akikomaa anawafukuza wengine na hata kuwafyonza ute wa mwilini. Pangasianodon hypophthalmus, yule anayefananishwa na papa, hupita mita 1. Hawa wote waache dukani. Wakishakuzidi utashawishika kuwamwaga mtoni, na hilo nalo lina historia mbaya: pleko waliotupwa wamezaliana Florida na Meksiko, wanachimba mashimo kwenye kingo za mito na mifereji hadi udongo unabomoka.

Kwa tangi dogo, chaguo langu la kwanza ni Corydoras, kambare wadogo wa Amerika Kusini wenye ndevu fupi na mabamba magumu ubavuni badala ya magamba. Wanaishi kwa kundi, kwa hiyo panga kununua 6 au zaidi wa aina moja. Akiwa peke yake hujificha pembeni na kunyong'onyea, na ukichanganya aina tatu, wawili wawili, hilo bado si kundi. Aina zenyewe zinatofautiana. C. paleatus (C. ni kifupi cha Corydoras) anapenda maji ya baridi kidogo, kama nyuzi 20 hadi 23 za Selsiasi, ilhali C. sterbai anastahimili joto la nyuzi 26 na zaidi. Wapo pia wadogo sana, wa sm 2.5 hadi 3: C. habrosus hukaa chini, lakini C. pygmaeus na C. hastatus hupenda kuogelea katikati ya maji, kwa hiyo usiwanunue ukitegemea wataijaza sakafu. Usishangae ukikuta majina mengine kwenye vibandiko: mwaka 2024 wataalamu waliigawa upya jenasi hii, yaani kundi la kisayansi la aina zinazohusiana, na C. paleatus sasa anaitwa Hoplisoma paleatum. Samaki ni yuleyule.

Lochi wa kuhli, Pangio, ni mwembamba kama nyoka, hufikia sm 8 hadi 10, na shughuli zake ni za usiku. Mfurahie kama huhitaji kumwona kila saa. Otocinclus, kambare mdogo wa sm 4, anakula mwani kweli, ila usimweke kwenye tangi jipya. Wengi wao huvuliwa porini na hufika dukani wakiwa na njaa, na kioo kilichong'aa hakina cha kuwalisha. Subiri tangi likae miezi kadhaa, liwe na utando wa mwani. Ancistrus, pleko mwenye ndevu nyingi puani, hukomea sm 12 hadi 15. Mmoja anatosha, na hata yeye anataka tangi kubwa kuliko la lita 54, pamoja na gogo la kukwangua.

Ukishachagua, andaa sakafu kabla samaki hajaingia, maana kuibadilisha baadaye ni kuvuruga tangi zima. Corydoras huchota mchanga kwa mdomo na kuutoa kupitia matamvua, na lochi hujifukia. Wote wanataka mchanga laini wa sm 2 hadi 4, uliosuuzwa hadi maji yatoke safi. Changarawe yenye ncha, hasa ikiwa chafu, huwala ndevu.

Maji nayo yawe tayari. Tangi jipya linahitaji wiki 4 hadi 6, pengine zaidi, bakteria waweze kugeuza amonia, sumu inayotokana na kinyesi cha samaki, kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na nitriti kuwa nitrati. Pima kwa vipimo vya maji: amonia na nitriti zisome 0. Maji ya bomba yenye klorini yatiwe dawa ya kuiondoa, kwani kuyaacha kwenye ndoo usiku kucha hakuondoi kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia. Na ukiwa na lochi, soma maelezo ya kila dawa ya ugonjwa kabla ya kuitia, hasa yenye shaba. Magamba yao ni madogo mno na dozi ya kawaida inaweza kuwaumiza.

Chakula mara nyingi husahaulika. Vipande vinavyoelea huliwa juu vikaisha, na wa chini hubaki kuokota punje. Nunua vidonge vinavyozama na uvitie baada ya kuzima taa, wakati samaki wa juu wamepumzika. Fikiria pia majirani: samaki wenye kulinda eneo, kama sikilidi (jamii ya perege) wengi, hawataki mtu sakafuni kwao. Samaki mkubwa mwenye tamaa anaweza kujaribu kumeza Corydoras, na miiba ya mapezi ikimkwama kooni wote wawili wanaweza kufa.

Dukani, simama utazame kwa muda. Tumbo lisiwe limebonyea, ndevu ziwe kamili, mapezi yasiwe yameliwa. Corydoras kupanda juu mara mojamoja kumeza hewa ni kawaida, kwani utumbo wao hufyonza oksijeni. Wakifanya hivyo mfululizo, maji yana hitilafu. Omba wachotwe kwa chombo, kwani miiba hunasa kwenye wavu. Nyumbani watenge wiki 2 hadi 4 kwenye tangi la pembeni lenye chujio lake.

Kabla ya kuwahamishia tangi kuu, funika tundu la chujio kwa sponji na uzibe nyufa za mfuniko, maana lochi hupenya popote.

Na kama tangi lako ni la lita 20, usiweke samaki wa chini hata mmoja. Kamba wadogo wa Neocaridina na konokono wachache wataitembea sakafu hiyo vizuri zaidi, mradi usitie dawa yenye shaba, ambayo kwao ni sumu.