Kabla hujapanda Elgon, na hasa kabla hujaingia pango la Kitum

Wakenya wakitajiwa mlima hukimbilia Nanyuki, kwenye Mlima Kenya. Wachache wanaopita Kitale hadi Chorlim, lango la Hifadhi ya Mlima Elgon, hurudi wakilalamika kwamba hakuna aliyewaeleza chochote. Haya, mimi nakueleza. Yangu niliyajua baada ya kulipia.

Tuanze na malipo. Noti zako langoni hazina kazi. Lipa kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, ungali mjini, penye mtandao, uhifadhi risiti kwenye simu. Chupa za plastiki za kutupa ziache nyumbani. Zimepigwa marufuku hifadhini tangu Juni 2020, na kusema ilikuwa imesahaulika kwenye buti hakutakusaidia. Gari liwe lililoinuka juu ya ardhi, linalovuta magurudumu yote manne. Desemba hadi Februari ndiyo miezi mikavu. Nje ya hapo ule udongo ukilowa huteleza kama sabuni, na trekta la kukuvuta halikai kando ya barabara likikusubiri.

Nguo: za baridi kweli, si kile kikoti cha kwenda nacho harusini. Koitobos, kilele cha upande wa Kenya, iko mita 4,222 juu ya bahari, na Wagagai, kilele kikuu kilicho upande wa Uganda, mita 4,321. Asubuhi utakuta nyasi zimeganda. Ukipanga kupanda huko, omba mapema renja wa kukusindikiza, maana nyati wa Elgon hajui kama wewe ni mtalii. Ukitaka kuteremkia Uganda, taratibu za uhamiaji zimalize kabla. Mpaka umepita juu ya mlima, na hapo hakuna dirisha la kugonga muhuri.

Jambo jingine ambalo wageni hulipuuza: mapango ya mlima huu, Kitum likiwamo, yalikuwa nyumba za watu. Jina Elgon limetokana na El Kony, tawi la Wasabaot, ambao waliishi humo na ng'ombe wao, wakijificha dhidi ya wavamizi na mifugo ikilamba chumvi ya ukutani, hadi serikali ya kikoloni ilipowatoa. Mvumbuzi Mskoti Joseph Thomson alipofika mwaka 1883 alidhani yalichimbwa na watu wa kale waliotafuta mali. Kazi kubwa, kumbe, ilifanywa na tembo! Kwa vizazi na vizazi wameingia usiku, wakipapasa njia gizani kwa mkonga, wakibomoa mwamba kwa pembe ili wale chumvi. Kwa hiyo usichore jina lako humo. Ungemwona mtu akichora sebuleni kwenu ungemfanyaje? Na ukikutana na mzee kijijini, salamu kwanza, kisha uombe ruhusa, ndipo utoe kamera.

Sasa tochi. Hapa nitakaa kidogo.

Tulikwenda mimi na shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, kijana anayerekodi kila kitu. Njia nzima alirekodi mbega, akarekodi miti ya podo, akarekodi mpaka matope. Tulipofika mdomo wa Kitum ilikuwa saa tisa alasiri, simu yake ikiwa na betri asilimia kumi na kitu, yangu nayo haikuwa na afadhali. Renja akatuuliza, "Tochi mnazo?" Tukamwonyesha simu. Akatutazama tu, akawasha yake.

Pango lile linaingia mlimani takriban mita 200. Hatua za mwanzo unaona kila kitu, unajisifu. Kisha linapinda kidogo na mwanga wa nje unabaki nyuma yako kama ndoto. Chini kumejaa vumbi, samadi kavu ya tembo, kinyesi cha popo, na mabamba ya mawe yaliyoporomoka kutoka darini. Pia kuna ufa mrefu ambamo ndama wa tembo wamewahi kutumbukia wasitoke. Sisi tulikuwa mbele na renja. Shemeji alibaki nyuma kupiga picha mikwaruzo ya pembe.

Nikasikia, "Shemeji, imezima."

"Simama hapo hapo!"

Hakusimama. Nani husimama gizani? Alifuata sauti yangu, na pangoni sauti hutoka kila upande. Mguu ukaingia katikati ya mawe mawili, akaanguka kifudifudi, mikono na mdomo vyote kwenye lile vumbi. Tulimtoa tukimbeba, goti limevimba kama papai, tochi moja kwa watu watatu. Nashukuru alikuwa mbali na ule ufa.

Nilidhani yameishia hapo. Siku ya tisa akapata homa. Akaenda kituo cha afya peke yake, akasema ana homa na maumivu ya mwili, basi. Nilipofika kumwona, nikamwambia daktari kwa kupitisha maneno tu kwamba huyu alianguka Kitum. Daktari akaweka kalamu chini. Akatuomba sote tutoke nje, akavaa glavu na barakoa, akafunga mlango.

Hapo ndipo nilipoambiwa kuhusu virusi vya Marburg, jamaa wa Ebola, vinavyoleta homa kali ya kutokwa damu. Mwaka 1980 Mfaransa mmoja aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya alivipata baada ya kutembelea Kitum, akafa. Mwaka 1987 kijana wa Kidenmaki wa miaka 15, naye alikuwa amepita humo, akafa. Popo wanaokula matunda ndio wanaobeba virusi hivyo. Shemeji alikaa ametengwa mpaka majibu yakatoka: malaria. Mke wangu hakunisemesha kwa muda ambao sitautaja.

Sikuambii usiende. Nimesharudi, ila nilirudi kama mtu mzima. Kila mmoja abebe tochi ya kichwani na betri za akiba. Simu iwe ya picha tu. Vaa viatu vinavyoshika kifundo, mikono mirefu, glavu, na barakoa nzuri inayoziba vumbi. Usiguse kuta wala popo, usile wala usinywe humo ndani, nawa kwa sabuni ukitoka. Kama una kidonda kibichi, au afya yako ni dhaifu, baki mdomoni mwa pango. Hata Makingeny, pango jingine la humo lenye maporomoko yanayoshuka mbele ya mdomo wake, linapendeza ukiwa nje. Ukipata homa ndani ya siku 21, sentensi ya kwanza hospitalini iwe, "Niliingia kwenye pango la popo." Usiifanye ya mwisho.

Mengine ni madogo madogo. Jaza mafuta Kitale. Mwachie mtu nyumbani jina la njia mnayopita na saa ya kurudi, kwa sababu mtandao huko juu huja na kuondoka. Usipige honi mbele ya tembo. Kuni usiokote. Geuza gari mapema, ukungu wa jioni ukishuka hata boneti yako hutaiona. Na yule anayerekodi kila kitu, mkabidhi chaja ya gari asubuhi na mapema.