Lebo haitakwambia kila kitu: vyakula vilivyohaririwa jeni madukani ughaibuni

Usitegemee lebo ikwambie kama mboga uliyoshika imehaririwa jeni. Inategemea unaishi wapi, na mara nyingi lebo hukaa kimya.

GMO tuliyozoea kuisikia hupandikizwa jeni ya kiumbe kingine. Kuhariri, kwa kawaida, ni kuzima au kubadili kidogo jeni ambayo mmea ulikuwa nayo tangu asili, kwa zana kama CRISPR. Chukua majani ya haradali ya kampuni ya Pairwise, yaliyoingia sokoni Marekani mwaka 2023. Ukali ule unaopanda puani hutokea jani linapotafunwa, kimeng'enya (enzyme) chake kikakutana na kemikali nyingine iliyomo. Wamezima jeni za kimeng'enya hicho, jani likapoa. Kwangu mimi hiyo ni pilipili iliyotubu, ila wanaokula mboga mbichi wataifurahia.

Kwa walio Marekani, tangazo la "Bioengineered" (yaani chakula kimebadilishwa jeni) ni la lazima tangu Januari 2022, lakini halihusu badiliko ambalo lingepatikana kwa kuzalisha mbegu kwa njia ya kawaida, wala chakula cha mgahawani. Ukitaka kuepuka, tafuta nembo ya "USDA Organic" au kipepeo wa Non-GMO Project.

England kanuni mpya za mimea iliyohaririwa zilianza Novemba 2025, na muuzaji halazimiki kuandika chochote. Sheria hiyo si ya Scotland wala Wales. Umoja wa Ulaya ulikuwa mkali zaidi: mwaka 2018 mahakama yake iliamua kwamba vyakula hivi vihesabiwe GMO, na mwaka 2023 likaja pendekezo la kulegeza, kwa hiyo mlioko huko fuatilieni habari.

Japani nyanya yenye GABA nyingi, kemikali ya asili inayodaiwa kushusha presha, inauzwa tangu 2021, na kampuni iliyoitoa, Sanatech Seed, huitangaza wazi kuwa imehaririwa. Inasifiwa kwa watu wa presha. Mama nyumbani akikuuliza, mwambie ni nyanya, vidonge vyake asiache.

Na usije ukaficha mbegu zake kwenye begi la kwenda Kenya. Mbegu yoyote huhitaji kibali cha KEPHIS, shirika la Kenya la kukagua afya ya mimea, kabla ya safari na cheti cha afya ya mimea kutoka unakotoka. Iliyohaririwa ina pia miongozo ya Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Kibayolojia, iliyotolewa mwaka 2022.