Umepigwa tiketi Dallas? Usiilipe kwanza, soma hapa

Jamani ndugu zangu wa Dallas, Fort Worth mpaka Houston, polisi akikusimamisha akakupa tiketi ya spidi usiingie kwenye simu usiku huohuo ukailipa. Najua tumezoea faini ukishalipa yameisha, nyumbani unapewa kontroo namba unalipa kwa simu unaendelea na safari. Hapa Texas kulipa ni kukubali kosa, kosa linaingia kwenye rekodi yako ya udereva, halafu kampuni ya bima ikiichungulia wakati wa kurinyuu bei inapanda, na kampuni nyingi wanakuhesabia hilo kosa kama miaka 3.

Mimi yamenikuta. Nilikuwa nawahi shifti ya asubuhi, maili 58 kwa saa kwenye barabara ambayo mwisho ni 45, nikalipa haraka niondokane nayo. Miezi minne baadaye bahasha ya bima ikaja, nimesimama jikoni nimeishika ile karatasi, kutoka dola 131 kwa mwezi mpaka 172. Zidisha hiyo 41 mara miezi 36 ni dola 1,476, juu ya faini niliyokwisha lipa. Kumbe kulikuwa na njia na hakuna aliyeniambia.

Sasa ukipata tiketi angalia vitu viwili kwenye karatasi: korti gani, na tarehe ya mwisho ya kujibu. Kabla ya hiyo tarehe piga simu au nenda dirishani, sema unaomba darasa, wao wanaliita difensivu draivingi, yaani udereva wa kujihadhari. Unajibu "no kontesti", yaani hupingi shtaka, unalipa gharama za korti, unapewa siku 90. Darasa ni la saa 6, unafanya hata kwenye simu ukiwa kitandani. Ukimaliza salama kesi inafutwa, bima hawaoni kosa.

Ila wana masharti. Uwe na leseni ya Texas na kadi ya bima iliyo hai, uwe hujatumia darasa kufuta tiketi nyingine ndani ya miezi 12, usiwe umezidisha spidi kwa maili 25 au zaidi wala kufika 95, na isiwe sehemu ya ujenzi penye wafanyakazi. Na wenzetu wa malori wenye CDL, ile leseni ya udereva wa kibiashara, hii njia kwenu imefungwa hata kama ulikuwa na gari lako dogo unaenda kanisani, nyie tafuteni wakili mapema kabisa maana hapo ni kazi yenu iko hatarini.

Watu wengi wanakwama mwishoni. Wanamaliza darasa wanadhani mambo yamekwisha, kumbe korti inasubiri cheti pamoja na rekodi ya udereva unayoinunua DPS, ile idara ya Texas inayotoa leseni, uliza ile ya aina ya 3A. Usipozifikisha ndani ya muda kosa linabaki palepale. Ile kopi ya cheti ya bima usiitupe, mpelekee wakala wako uulize punguzo, kampuni nyingi wanatoa.

Kama darasa ulishalitumia ndani ya hiyo miezi 12, omba difedi disposisheni. Hapo jaji anakuwekea muda wa uangalizi, usizidi siku 180, unalipa anachokupangia, ukikaa bila tiketi nyingine kesi inafutwa. Kiingereza kikikupiga chenga omba mkalimani wa Kiswahili siku ileile unapopiga simu, tafadhali msiwabebe watoto wa shule kuwatafsiria kortini, siyo haki kwao.

Kunyamaza ndiyo mbaya kuliko vyote, hati ya kukamatwa inaweza kutoka na leseni ikagoma kurinyuu. Tiketi ya kupaki vibaya hiyo lipa tu, haiingii kwenye rekodi ya udereva.

Na kama kosa limeshaingia? Usikae na kampuni moja kwa mazoea. Chukua bei sehemu tatu nne, anza na tovuti ya HelpInsure inayosimamiwa na serikali ya Texas, weka gari lilelile na kinga zilezile kila mahali ndiyo utaona tofauti. Ukihama mtaa uliza tena, zipukodi, yaani namba ya posta ya mtaa, peke yake inabadilisha bei. Unaweza pia kupandisha didaktibo, yaani hela unayotoa mwenyewe kabla bima haijalipa, toka dola 500 kwenda 1,000, lakini kama hiyo elfu huna benki acha kwanza. Usikatishe bima ya zamani kabla mpya haijaanza, hata siku chache bila bima zinakuongezea bei.

Kushuka mpaka kiwango cha chini cha bima kinachotakiwa na sheria, ile 30/60/25, kunapunguza bei ila mimi sikushauri. Hiyo 25 ni dola elfu 25 za kulipia mali ya mwenzio, ukigonga pikapu mpya inayobaki ni deni lako.

Zamani bei ya chini ya kushangaza iliweza kuwa ni ile bima ya "named driver", Texas ikaipiga marufuku kuanzia 2020. Hiyo ilimkinga aliyeandikwa jina tu. Shemeji akichukua gari kwenda kununua unga akagonga, ilikuwa hamna malipo. Sisi nyumba moja ina madereva wanne na funguo ziko mezani, kwa hiyo hata sasa andikisha wote, hata kama bei itapanda kidogo.