Somo: Jinsi ya kusaka dawa ya TB kwenye mimea, hatua kwa hatua

Kabla ya yote mjue mnapambana na nini. Bakteria wa TB ana ukuta mnene wenye mafuta kama nta, dawa nyingi hazipenyi, halafu anakua taratibu sana, kujigawa mara moja tu ni kama saa 20 hivi, kwa hiyo majibu ni ya wiki sio ya kesho.

Hatua ya 1. Anza na mmea ambao waganga wanautumia kwa kikohozi sugu, na mkubaliane mapema mganga atanufaikaje maana ujuzi ni wake. Tawi moja likaushwe lipelekwe hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) litambuliwe jina, bila hivyo hakuna atakayeweza kurudia kazi yako.

Hatua ya 2. Anika kivulini, saga, loweka kwenye ethanoli, chuja, kisha vukiza ethanoli kwa mashine ya maabara, kinachobaki ndiyo dondoo. Usibandike motoni, inashika moto.

Hatua ya 3. Yeyusha dondoo kwenye DMSO (kimiminika cha kuyeyushia), ipunguze nusu kwa nusu kwenye sahani ya vishimo 96, weka bakteria, subiri kama wiki ndio uweke resazurini, rangi ya kuonyesha kama bakteria wako hai. Bluu ikigeuka pinki wako hai, ikibaki bluu wamezuiwa. Lazima kuwe na kishimo cha rifampisini (dawa ya TB ya hospitali) cha kulinganishia, cha DMSO tupu, na cha dondoo bila bakteria, maana kuna majani yanageuza rangi yenyewe na unashangilia bure.

Hatua ya 4. Pima sumu kwenye seli za mamalia. Naomba sana msiiruke hii! Hata jiki inaua bakteria. Kipimo kinachodhuru seli kiwe angalau mara 10 ya kile kinachozuia bakteria, ndipo uanze kutenganisha kemikali za dondoo kwa kromatografia, yaani kuzigawa mafungu mafungu.

MASWALI

Mkuu, maabara yetu ni ya kawaida tu, tunaweza?
Bakteria wa TB mwenyewe hapana, huyo ni wa maabara ya usalama daraja la 3. Anzeni na ndugu yake, Mycobacterium smegmatis, anakua haraka, ila majibu yake hayafanani na ya TB kila mara, lazima yathibitishwe.

Dondoo ikifanya vizuri mgonjwa anaweza kunywa?
Hapana kabisa ndugu yangu. Kwenye sahani hakuna ini wala damu. Mgonjwa amalize dozi yake ya hospitali, akikatisha anatengeneza usugu.

Mimi nikishatenganisha nguvu inapotea, kwa nini?
Labda kemikali zilikuwa zinasaidiana, au mwanga na joto vimeiharibu moja. Changanya tena mafungu yote upime: nguvu ikirudi zilikuwa zinasaidiana, isiporudi rudia kutenganisha gizani na kwenye ubaridi.