Somo: Kuogelea papo kwa papo kwenye bwawa la mkondo

Ndugu zangu, bwawa la mkondo ni bwawa fupi lenye mashine inayosukuma maji yakujie usoni, nawe unaogelea papo hapo ulipo. Wanaoingia mara ya kwanza huuliza mashine ina kasi kiasi gani. Mimi huwauliza: unaweza kukaa mahali pamoja dakika tano? Kazi yote imo humo.

Hatua ya 1: Ijue mashine. Tafuta kitufe cha kuzimia na ukijaribu ukiwa umesimama. Bana nywele, vua mikufu. Mashine za pampu hutoa maji kwenye matundu, na mkondo wake ni mwembamba wenye mapovu. Za propela husukuma maji mapana yaliyotulia zaidi. Usiogelee peke yako.

Hatua ya 2: Kaa katikati, karibu na uso wa maji, maana pembeni mkondo hulegea. Anza kasi ya chini, jilaze, piga miguu kwanza, kisha mikono. Mkondo ukiwa dhaifu mno miguu huzama, kwa hiyo ongeza kidogo kidogo.

Hatua ya 3: Chagua alama sakafuni. Hapa naomba mtulie nami. Chukua kigae kimoja kilicho chini ya paji la uso wako. Kikianza kusogea mbele, ujue unarudi nyuma. Sasa angalia kinasogea lini. Mara nyingi ni pale unapogeuza kichwa kuvuta pumzi: mkono wa mbele unabonyea chini badala ya kushika maji, na kigae kinakukimbia upana wa kiganja. Pumzi inayofuata, kiganja kingine. Kosa hilo unalo hata kwenye bwawa la kawaida, ila kule unasonga mbele hata hivyo, hulioni. Na ukijikuta unaelekea kushoto kila mara, chunguza mkono wa kulia. Huenda unavuta kuliko mwenzake. Rekebisha jambo moja tu kwa siku. Nimeona watu wakirekebisha matatu kwa mpigo wakatoka wameharibu hata lile walilolijua.

Hatua ya 4: Hesabu dakika, si mita. Dakika 5 za kupasha mwili, kisha dakika 2 za kazi na 1 ya kupumzika, mara 6, halafu dakika 5 za taratibu. Jumla dakika 28. Kwa anayeanza zinatosha kabisa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kocha, mita 100 naziogelea kwa dakika 2. Niweke kasi gani?

Jibu: Gawanya 100 kwa sekunde 120, utapata takriban mita 0.83 kwa sekunde. Mashine yako ikionyesha ngazi tu bila kasi, tafuta ngazi unayoweza kukaa nayo dakika tano bila kuhema, uiandike. Hiyo ndiyo yako ya kuanzia.

Swali: Bwawa la mita 25 naogelea nusu saa bila shida, humu dakika kumi nimekwisha. Nimedhoofika?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Kule kila mita 25 unausukuma ukuta kwa miguu na kuteleza, mikono inapumua. Humu haipati nafasi hiyo hata mara moja. Punguza kasi, usipunguze muda.

Swali: Letu lina maji ya nyuzi 33. Ni sawa?

Jibu: Kwa kunyoosha viungo yanafaa. Kwa mazoezi makali ni moto mno, mwili unashindwa kupoa. Yashushe hadi 26 au 28.

Swali: Sina mashine. Nikijifunga kamba ya mpira kiunoni?

Jibu: Inasaidia, hasa mikono. Lakini maji hayapiti mwilini mwako kama kwenye mkondo, kwa hiyo miguu itazama zaidi. Usidhani ni kosa lako. Ncha ya pili ifungwe kwenye nguzo isiyotikisika, na uikague mpira kama una nyufa kabla ya kila zoezi.