Kubadili vikombe kuwa gramu bila kuharibu resipi

Resipi inakwambia vikombe 2 vya unga, wewe una mizani, basi unaandika gramu 500 eti kwa sababu kikombe ni mililita 250. Usifanye hivyo jamani, hiyo hesabu ni ya maji. Kikombe kinapima nafasi tu, na kikombe hichohicho ukijaza asali kinakuwa kizito karibu mara tatu ya ukijaza unga, kwa hiyo kila kiungo lazima kiwe na namba yake.

Hatua ya 1: jua ni kikombe kipi. Resipi za Marekani kikombe chao ni kama mililita 237, wengi wanahesabu 240, za Australia ni 250. Kijiko cha chai ni 5 kote huko ila kijiko cha chakula cha Australia ni 20, cha Marekani ni 15. Na kikombe cha kunywea chai sio kipimo, kiache kabatini.

Hatua ya 2: unga, na hapa ndo tuelewane vizuri maana keki nyingi zinaharibikia hapa. Koroga unga kwenye kopo ulegee, uchote kwa kijiko uumwagie kwenye kikombe, usiushindilie wala usigonge kikombe mezani, halafu sawazisha juu kwa mgongo wa kisu. Utapata gramu 120 mpaka 125. Sasa ukichovya kikombe chenyewe ndani ya kopo unga unajibana na unaweza kufika 150, yaani kwenye vikombe 3 umeshazidisha kama gramu 90 na keki inatoka kavu, unabaki kulaumu oveni bure. Mwenye resipi akisema anavyochota, fuata yeye, asiposema mimi naanza na 125.

Hatua ya 3: vingine ni rahisi. Kwa kikombe cha mililita 240 sukari nyeupe ni gramu 200, siagi 227, maziwa 245, mafuta ya kupikia kama 220, asali 340. Kimiminika kisichokuwepo hapo zidisha mililita kwa uzito wa mililita moja, mfano tujaribu kwa asali ileile ya hapo juu, mililita moja ni kama gramu 1.42, kwa hiyo nusu kikombe ni 120 mara 1.42, unapata 170. Kikombe kikiwa cha 250, zidisha namba hizo kwa 1.04.

Hatua ya 4: hakikisha na unga wako mwenyewe, maana unga hautofautiani kwa jina tu, kuna uliosagwa laini na kuna wenye pumba. Weka bakuli tupu kwenye mizani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, mimina kikombe kimoja, soma, andika, rudia mara tatu. Ukipata 122, 127 na 120 jumla ni 369, gawa kwa 3, kikombe chako ni gramu 123. Hiyo ndo namba ya kuamini kuliko jedwali lolote hata hili langu.

Hatua ya 5: vitu vidogo viache kwenye vijiko. Kijiko cha chai cha hamira ya chenga ni kama gramu 3 na mizani nyingi za jikoni zinasoma gramu moja moja, zikikosea moja tu umepoteza theluthi. Ukitaka lazima kujua uzito pima vijiko 10 kwa pamoja ugawe kwa 10. Chumvi iangalie zaidi, laini ni kama gramu 6 kwa kijiko cha chai ila ya mawe inaacha nafasi katikati kwa hiyo ni pungufu.

Ukishapata namba zako ziandike palepale pembeni ya resipi, siku ya kupika unaweka bakuli moja tu, unamimina unga, unarudisha sifuri, sukari, unarudisha sifuri, na kuendelea. Ila angalia, mizani nyingi za betri zinajizima zenyewe ukichelewa na ikiwaka tena hesabu ya mwanzo imepotea, kwa hiyo vunja mayai yote pembeni kabla hujaanza kupima.